Presha ya Ghafula na Chanzo Chake



Siku ya Wazazi ya muhula huu wauguzi wawili walifika shuleni petu na vipimo vyao, wakakaa chini ya mwarobaini ulio karibu na bwalo, wakawapima presha wazazi wote waliotaka. Foleni yao ilikuwa ndefu kuliko ile ya chakula. Waliokutwa na presha ya juu hawakuwa wachache, na karibu wote walisema neno moja: kwamba wao ni wazima, jana walikuwa shambani, na kwamba kitu hiki kimewajia ghafula. Mzazi mmoja alinijia mimi, kwa kuwa nafundisha Baiolojia, akaniuliza, "Mwalimu, hakuna jambo lisilo na chanzo. Hii imetoka wapi?" Swali lake lilikuwa jema kuliko majibu mengi niliyoyasikia siku ile, maana wako waliosema ni mawazo, wako waliosema ni madeni, na wako waliosema kwa sauti ya chini kwamba pana mkono wa mtu. Mhariri ameniomba nilijibu swali hilo humu gazetini, ili wanafunzi nao wapate kusoma.

Kwanza yafaa tuelewane presha ni kitu gani. Wenyeji wa Dodoma twajua kwamba maji ya mji huu kwa miaka mingi yametoka katika visima vya Mzakwe. Pampu huyasukuma katika mabomba mpaka mjini. Sasa nguvu ya maji ndani ya bomba hutegemea mambo matatu: nguvu ya pampu, wingi wa maji yaliyomo, na upana wa bomba lenyewe. Mwili nao ni vivyo hivyo. Pampu ni moyo, maji ni damu pamoja na chumvi iliyomo ndani yake, na mabomba ni mishipa. Msukumo wa damu hauwezi kupanda ila kwa njia mojawapo ya hizo tatu: moyo umepiga kwa nguvu zaidi, au maji na chumvi vimezidi mwilini, au mishipa imebana. Na mafigo mawili yaliyo kiunoni ndiyo fundi wa mitambo, kwa kuwa yanaamua ni maji na chumvi kiasi gani vitoke katika mkojo, na tena yanatoa kemikali za kuiamuru mishipa ibane au ilegee. Mwanafunzi akilishika jambo hili, hatahitaji kukariri visababishi nitakavyovitaja.

Namba mbili zinazoandikwa katika daftari, kama 120/80, ni msukumo wakati moyo unapiga, na msukumo wakati moyo unapumzika. Hupimwa kwa milimita za zebaki. Kitambaa cha kufunga mkono kilibuniwa na Riva-Rocci wa Italia mwaka 1896, na mwaka 1905 tabibu Mrusi, Korotkov, akaonyesha jinsi ya kusikiliza kwa kifaa cha masikioni mlio wa damu ikirudi mkononi. Mpaka leo mtu mzima akipimwa zahanati mara kwa mara akaonekana na 140/90 au zaidi, huhesabiwa kuwa ana presha ya juu.

Nimesema mara kwa mara, na hapo ndipo utafutaji wa chanzo unapoanzia. Jambo la kwanza la kuuliza si "imetoka wapi" bali ni "je, ipo kweli?" Mtu aliyetembea kwa miguu jua la saa saba, akapanga foleni, akaketi na kupimwa papo hapo huku anazungumza na jirani yake, kipimo chake hupanda. Kibofu kikijaa mkojo, hupanda. Mkono ukining'inia chini badala ya kuwekwa usawa wa moyo, hupanda. Kitambaa kikiwa chembamba na mkono ni mnene, kipimo hudanganya kabisa. Tena wako watu ambao wakimwona tu mganga wa hospitali na koti lake jeupe, mioyo yao huenda mbio. Kwa hiyo mpimwaji akae kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu haikupishana, apimwe mara mbili au tatu, kisha arudi siku nyingine. Wengi wa wale walioshtuka chini ya mwarobaini wetu wakipimwa hivyo watakutwa hawana kitu. Wengine watakutwa nacho kweli.

La pili ni hilo neno "ghafula". Presha haina maumivu, na mtu asiyepimwa hana njia ya kuijua. Utafiti uliofanywa Ilala, Dar es Salaam, na katika kijiji cha Shari wilayani Hai, ukachapishwa mwaka 2000, ulikuta kwamba watu wazima kama 3 katika kila 10 walikuwa na presha ya juu, mjini na kijijini pia. Lakini katika hao wenye nayo, hawakufika 20 katika kila 100 waliojua kwamba wanayo, na ambao presha yao ilikuwa imetulizwa kwa dawa hawakufika hata mmoja katika 100. Basi mtu wa miaka 50 akiambiwa leo kwa mara ya kwanza, mara nyingi ugonjwa si mgeni. Mgeni ni kipimo.

Na mtu huyo tukimtafutia chanzo kimoja, tukisema ni kitu fulani tukiondoe apone, mara nyingi hatutakiona. Katika kila wagonjwa 100, kama 90 au zaidi presha yao imeletwa na mambo mengi yaliyochanganyika: urithi wa ukoo, umri, unene, pombe, kukaa bila kufanya kazi ya mwili, na chumvi nyingi. Hapa Afrika ya Mashariki tuna ushahidi wetu wenyewe. Mwaka 1929 tabibu aitwaye Donnison, aliyefanya kazi magharibi ya Kenya, aliandika habari za watu wapatao 1,000 aliowapima huko, akasema presha yao haikupanda kwa uzee kama ilivyokuwa kwao Ulaya. Miaka mingi baadaye watafiti wakawafuata Wajaluo waliotoka vijijini kwenda kukaa Nairobi, wakachapisha matokeo yao mwaka 1990. Haikupita ila miezi michache, presha za wahamiaji zikawa juu kuliko za ndugu zao waliobaki nyumbani, na mkojo wao ulionyesha kwamba wanakula chumvi nyingi zaidi na potasiamu kidogo kuliko zamani. Damu ni ile ile, ukoo ni ule ule. Kilichobadilika ni maisha.

Juu ya chumvi nina neno na akina mama wa kwetu. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja kidogo cha chai, hesabu ikiwa ni pamoja na ile iliyokwisha kutiwa jikoni. Wengi husema, "Mimi chumvi nimeacha," na kweli kijiko cha chumvi hawakigusi. Lakini mlenda umetiwa magadi, na maharage yamelainishwa kwa magadi. Kinachodhuru katika chumvi ni sodiamu, na magadi ni sodiamu pia. Mlenda ni chakula chema, siukatai, nami naula. Ni magadi ndiyo yapunguzwe.

Sasa wapo wale wachache waliobaki, ambao presha yao ina chanzo maalumu kilichojificha, na ambacho kikionekana huweza kuondolewa. Tabibu humdhania mtu kuwa ni wa kundi hili akiwa ni mtoto au kijana chini ya miaka 30, asiye mnene, wala ukoo wake hauna presha; au presha yake ilitulia miaka mingi halafu ikaruka; au anakunywa dawa tatu za namna mbalimbali bila kukosa na bado haishuki; au imekuja kubwa mno mara moja. Watu wa namna hiyo wasiambiwe tu "punguza mawazo" wakarudi nyumbani.

Chanzo kilicho karibu kuliko vyote kimo mfukoni mwa mgonjwa. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ambazo wazee wetu hununua dukani kwa ajili ya magoti na viuno, huyazuia mafigo yasitoe chumvi, na mtu akizinywa kila siku presha hupanda. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni huwapandishia baadhi ya wanawake. Halafu kuna vidonge vinavyouzwa kwa siri eti vya kunenepesha, ambavyo mara nyingi ni deksamethasoni au prednisoloni: hizo ni dawa za kweli zenye kazi yake hospitalini, lakini anayezinywa ili apate mashavu hupata na presha, na sukari juu yake. Wasichana wa vidato vya juu wanajua ninasema nini. Na kwa mgonjwa wa siku nyingi, presha ikiruka ghafula, ulizo la kwanza liwe je, dawa zako umeziacha? Msimu wa kulima watu huhamia mashambani mbali na kliniki, vidonge vikaisha, nao wakajiona hawaumwi chochote.

Dawa zikiwa hazina lawama, macho yageuzwe kwenye mafigo. Mwaka 1836 tabibu Mwingereza, Richard Bright, aliandika kwamba watu waliokufa na mafigo yaliyoharibika mara nyingi mioyo yao ilikuwa imetanuka, kama pampu iliyofanya kazi ya kuzidi. Ila aliyeonyesha wazi ni Goldblatt wa Marekani mwaka 1934. Alichukua mbwa wazima, akaubana kidogo kwa kibanio mshipa upelekao damu kwenye figo, na presha ya mbwa ikapanda. Figo lililopata damu kidogo lilidhani mwili wote umeishiwa, likatoa kemikali za kubana mishipa na kushika chumvi. Jambo hilo hilo huwapata watu ambao mshipa wao wa figo umekuwa mwembamba, na miongoni mwao wamo wanawake vijana. Tabibu akiweka kifaa chake tumboni karibu na kitovu, pengine husikia mvumo wa damu ikipita mahali pembamba. Kifaa ni kile kile alichosikilizia kifua. Kinachotakiwa ni kukumbuka kukishusha.

Katika shule moja niliyofundisha zamani alikuwapo kijana wa Kidato cha Kwanza ambaye asubuhi moja aliamka uso umevimba, macho yamefumba. Kichwa kilimuuma tangu jana yake. Kabla ya kengele ya saa nne alianguka darasani akatupa mikono na miguu. Wenzake walikimbia, bwenini ikasemwa kwamba ana mashetani, na jamaa mmoja aliyekuja kumwona akataka arudishwe kijijini akaaguliwe. Tulimpeleka hospitali kwa gari la mkaguzi aliyekuwapo siku ile kwa bahati. Presha yake, kijana wa miaka 14, ilikuwa 170/110. Tabibu aliyempokea hakuuliza habari za mashetani wala za mawazo. Aliuliza mkojo una rangi gani, na kijana akasema ni kama chai ya rangi. Kisha akauliza, "Wiki mbili tatu zilizopita uliumwa koo?" Ndiyo, aliumwa koo, tena bweni zima liliumwa, wakanywa maji ya chumvi likaisha.

Basi chanzo kilikuwa hapo. Vijidudu viitwavyo streptokoka humwingia mtoto kwa njia ya koo, au kwa vidonda vya ngozi vya upele uliokunwa. Mwili hupigana navyo na kuvishinda, lakini mabaki ya vita hiyo hunasa katika vichujio vya mafigo na kuvivimbisha. Baada ya koo huchukua wiki moja hadi tatu. Baada ya vidonda vya ngozi, wiki tatu hadi sita. Mafigo yakivimba hayatoi maji wala chumvi, damu hujaa katika mabomba, presha hupanda kwa siku chache, na ikizidi sana ubongo huvimba na mtoto hupata kifafa. Huo ndio mlango wa pili kati ya mitatu niliyoitaja mwanzo. Alipewa dawa za kukojoza na za kushusha presha, akanyimwa chumvi, akaangaliwa usiku na mchana. Baada ya wiki kadhaa alirudi darasani, na mwisho wa mwaka alikimbia mbio za mita 800. Angalipelekwa kwa mwaguzi siku ile, sidhani kama tungalimwona tena.

Kichocho nacho kisisahauliwe. Mtoto anayeoga katika madimbwi na mabwawa yenye konokono wa kichocho, akakojoa damu kwa miaka bila kutibiwa, njia zake za mkojo huweza kuziba kwa makovu, mkojo ukarudi nyuma na kuyaharibu mafigo. Presha yake itaonekana utu uzimani, na hakuna atakayekumbuka lile dimbwi.

Mlango wa tatu wa kutafuta ni tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya mafigo kama kofia. Mwaka 1954 katika Chuo Kikuu cha Michigan, Dakta Jerome Conn alimchunguza mwanamke wa miaka 34 ambaye kwa miaka saba alikuwa akishikwa na misuli na kulegea miguu. Presha yake ilikuwa juu na potasiamu katika damu yake ilikuwa chini mno. Conn alifikiri kwamba tezi mojawapo inatoa kwa wingi homoni ya aldosteroni, ambayo kazi yake ni kushika sodiamu na kutupa potasiamu. Mgonjwa akapasuliwa, na uvimbe ukakutwa pale pale. Ulipotolewa, presha ikashuka. Siku hizi matabibu wameona kwamba ugonjwa huo si nadra kama ilivyodhaniwa hapo kwanza. Uvimbe mwingine wa tezi hizo, ulio nadra kweli, humwaga homoni ya hofu kwa vipindi: mtu ameketi tu, mara moyo unakwenda mbio, jasho linamtoka, kichwa kinagonga, rangi inampotea, baada ya nusu saa amekuwa mzima. Ugonjwa wa kuja na kwenda namna hiyo, nani kwetu asiyeusingizia mapepo?

Vingine nitavipita upesi. Mshipa mkubwa wa moyo huweza kuwa na kiuno chembamba tangu kuzaliwa, presha ya mikono ikawa juu na ya miguu chini. Ndiyo maana kijana mwenye presha hupapaswa mapigo ya kinena. Ugonjwa wa tezi ya shingo waweza kuwa chanzo. Hata kukoroma kwa nguvu huku pumzi ikikatika usingizini kwaweza kupandisha presha, na hapo shahidi ni mke au mume, si mgonjwa.

Lakini juu ya mama mjamzito sitapita upesi. Presha inayopanda baada ya wiki 20 za mimba, pamoja na protini katika mkojo, ni mwanzo wa kifafa cha mimba. Chanzo kiko katika kondo la nyuma, na hakiondoki mpaka mtoto amezaliwa. Maumivu makali ya kichwa, kuona vimulimuli, maumivu chini ya kifua, uso kuvimba: mama mwenye dalili hizo asingoje siku ya kliniki. Iko dawa ya sindano, magnesiamu salfeti, inayozuia kifafa, lakini dawa hiyo haiwezi kumfuata mtu kijijini. Hatari yenyewe haiishi siku ya kujifungua, bali huendelea wiki kadhaa baadaye.

Wazazi wataniuliza: haya yote yanapimwa wapi, na kwa fedha gani? Utafutaji mwema huanza na vilivyo rahisi. Maswali hayana gharama. Kijiti cha kupimia mkojo ni cha bei ndogo, nacho huonyesha damu na protini, yaani huyasema mafigo. Kisha damu hupimwa kriatinini, potasiamu na sukari, kazi inayofanyika katika hospitali nyingi. Baadaye ndipo picha ya mafigo kwa mawimbi ya sauti. Ni wachache tu watakaohitaji kupelekwa mbele zaidi, nasi wa kanda ya kati hatuna tena haja ya kukimbilia Dar es Salaam kwa kila jambo, kwa kuwa Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyo katika eneo la Chuo Kikuu cha Dodoma, ina mabingwa wa mafigo, na tangu mwaka 2018 imekuwa ikipandikiza figo. Kumpiga kila mtu picha za gharama kubwa ni ujinga. Na kumpa kijana wa miaka 20 vidonge vya maisha bila hata kupima mkojo wake ni ujinga pia, nami naona huu wa pili ndio mwingi zaidi.

Dawa za kushusha presha zisingoje mpaka chanzo kipatikane, kwa maana mabomba yanapasuka wakati fundi anatafuta. Franklin Roosevelt, Rais wa Marekani, alikuwa na matabibu wote aliowataka, lakini mwaka 1945 dawa zilikuwa bado hazijapatikana. Tarehe 12 Aprili presha yake ilipita 300 kwa 190, akafa kwa kuvuja damu ubongoni. Leo dawa zipo, na baadhi yake ni rahisi.

Presha ikifika 180/120 na mtu ana maumivu ya kifua, au haoni vizuri, au anapayuka, au upande mmoja umelegea, hiyo ni safari ya hospitali saa ile ile. Asimeze vidonge vya jirani ili ishuke upesi kabla ya kuondoka, kwa sababu ikiporomoka ghafula ubongo hukosa damu. Anayekwenda kwa siku ya kawaida achukue daftari lake la vipimo, na mfuko wenye dawa zote anazotumia, za dukani, za mizizi, na hata zile za kunenepesha, azimwage mezani mbele ya tabibu. Tena aulize nyumbani kabla ya kuondoka ni nani katika ukoo alipata kiharusi au ugonjwa wa figo akiwa kijana.

Nanyi wa mabwenini, mwenzenu akiamka uso umevimba, au mkojo wake una rangi ya chai, aende kwa matroni asubuhi hiyo hiyo kabla ya mstari, akamwambie na kuhusu koo lililomuuma wiki mbili zilizopita.